Mchele wa Arusi na Mota Iliyochemka

Mchele wa arusi ya wifi yangu ulitakiwa ufike Likoni kabla ya adhuhuri, na aliyekabidhiwa kuuleta kutoka Marikiti ni mume wangu na pikipiki yake ya umeme. Ilikuwa Februari, jua la kaskazi limekaza. Feri alivuka salama, magunia mawili yamefungwa nyuma. Alipoanza kuupanda mwinuko, pikipiki ikaishiwa nguvu hata wasukuma mikokoteni wakampita. Kioo kilionyesha betri ina chaji tele. Akashuka, akasukuma hadi nyumbani.

Huku nyumbani wapishi walikuwa wameshateleka maji, na bwana mwenye shughuli ndiyo kwanza aingia akitweta. Mavyaa alitazama pikipiki, akasema, "Hii ni hasadi, mwanangu," akaenda kutafuta chetezo na ubani. Wifi, mikono imejaa hina mbichi, alianza kulia. Shemeji naye akaja mbio na ndoo ya maji ya kisima alimwagie gurudumu la nyuma. Nilisogeza kiganja karibu na gurudumu. Joto lake lilinifika kabla sijaligusa.

"Shemeji, weka ndoo chini!" Ni sauti ya jirani yetu, fundi wa pikipiki hizi, akivuka ua. Mota imo ndani ya gurudumu lile, alisema, na hewa ya ndani imetanuka kwa moto. Ukiipoza ghafla itanywea na kuvuta maji yapite kwenye sili za ekseli.

Tukamsikiliza, hata mavyaa na chetezo chake. Nyaya za shaba zimezungushwa kwenye kiini kisichozunguka, na kati yake na ganda la nje pana mwanya wa hewa, kwa hiyo joto halitoki upesi. Kupanda mlima polepole na mzigo mzito huivutia mota mkondo mkubwa, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Shaba ikipata moto huukinza umeme zaidi: digrii 100 za ziada huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 40. Sumaku nazo zikizidiwa na joto hupoteza nguvu, pengine zisiirudishe tena. Ndiyo maana kihisi cha joto kikipiga ripoti, kontrola hupunguza umeme. Pikipiki haikuwa imeharibika, ilikuwa inajiokoa.

Ikasukumwa chini ya mwembe, ikapoa yenyewe. Mchele uliosafishwa ukaingia sufuriani kwa kuchelewa, na wageni wakala pilau laasiri badala ya adhuhuri. Wifi akaolewa vizuri.

Tangu hapo mizigo huletwa baada ya alfajiri, gunia moja kwa safari. Matairi hujazwa upepo sawasawa, tope hufutwa kwenye gurudumu kwani huzuia joto kutoka, na breki hukaguliwa isiwe inashika.

Ninalolalamikia ni moja. Muuzaji alitueleza kwa kirefu jinsi tutakavyookoa pesa za petroli, lakini juu ya mzigo, mlima na jua hakutamka neno. Mwenye kutegemea chombo kwa riziki ana haki ya kuyajua hayo kabla hajalipa. Ukienda kununua, uliza: inabeba kilo ngapi kupanda mlima saa saba mchana, na mota ikichemka itakuashiria vipi? Asiyeweza kukujibu, usimpe pesa zako.