Jinsi ya Kuanzisha Ulimwengu Ukiwa Kibuta

Kwanza, usinunue kiwanja. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu wa Kisarawe, hasa siku hizi ambapo hata mkorosho unabandikwa namba ya simu ya dalali, lakini ulimwengu haukuanzia kwenye eneo. Miaka bilioni 13.8 iliyopita hapakuwa na uwanja mtupu uliokaa ukingoja mlipuko. Nafasi yenyewe ndiyo iliyoanza kutanuka, na mpaka leo inatanuka. Kwa hiyo dalali akikuapia kwamba Mlipuko Mkuu ulitokea hapahapa Kibuta, mita chache kutoka barabarani, hajasema uongo. Ulitokea kila mahali, na Kibuta imo. Bishana naye bei tu. Wanaoogopa kukosana na dini nao watulie: aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri.

Pili, ndani ya dakika chache za mwanzo, pika haidrojeni na heliamu. Vingine karibu vyote vitakuja baadaye. Halafu subiri kama miaka 380,000 mpaka vitu vipoe na mwanga upate njia. Ushahidi wa mwanga huo ulikuwa sebuleni kwako. Waliowahi kupanda juu ya bati kuzungusha antena, huku wenzao wakipiga kelele dirishani, “Bado! Bado! Hapohapo!”, wanazikumbuka chenga. Kama asilimia moja ya chenga zile ilikuwa mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Kule Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa kwenye antena yao mwaka 1964, wakawatuhumu njiwa, wakasafisha mavi yote, na ile kelele ikabaki palepale. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tulianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. King'amuzi hakina chenga. Kinakuambia kifurushi kimeisha.

Sasa washa nyota. Mchoma mkaa hapa asilete ujuzi wake. Tanuri la mkaa linataka kiberiti, udongo wa kufukia na mtu wa kukesha akiziba nyufa. Nyota haitaki kiberiti wala hewa. Kusanya wingu la gesi, liache lijikandamize kwa uzito wake mpaka kiini kifike nyuzi joto milioni 10 hivi. Hapo haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu, na joto linalotoka linazuia nyota isijiporomokee.

Ukitaka kuona nyota changa, tafuta Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana ambavyo wazee walivitazama kabla ya kushika jembe. Usidanganywe na heshima yake. Kilimia kina miaka milioni 100 na ushee, na wale mijusi wakubwa wa Tendaguru, Lindi, ambao Wajerumani waliifukua mifupa yao kuanzia 1909 na kuipeleka Berlin, walikufa miaka milioni 150 iliyopita bila kukiona.

Kuhusu ukubwa, fikiri vizuri. Jua letu lina akiba ya miaka bilioni 10 na limeshatumia 4.6. Nyota kubwa kama Betelgeuse ina mafuta mengi zaidi, na inayamaliza kwa miaka milioni 10 hivi. Matumizi makubwa hayo. Kila mtaa una mtu wake.

Mwisho ni mazishi. Nyota ya saizi ya Jua inavimba, inakuwa nyekundu, inamwaga ngozi ya nje na kubakiza kiini kidogo cheupe kinachopoa taratibu. Hakuna msiba mkubwa. Ile nzito inaendelea kuunguza hiki na kile mpaka ifike kwenye chuma, na chuma hakitoi joto hata ukikibana vipi. Kiini kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja, nyota inalipuka. Mmoja wa milipuko hiyo ulionekana kwa macho matupu huku kusini mwa ikweta mwaka 1987. Chuma kinachotawanyika ndicho hicho cha kimondo cha Mbozi, na cha panga lako pia.

Masalia yakizidi uzito, yatageuka shimo jeusi. Usiliazime kitu. Halirudishi hata mwanga, seuze panga.