Kumi Huhesabiwa Mmoja

Apache ActiveMQ ina haki ya aina yake. Unganisha seva zake mbili za kusambaza ujumbe: kwenye ile inayopokea kazi weka mpokeaji mmoja, kwenye ya pili weka kumi. Usipogusa mipangilio, wale kumi huhesabiwa mmoja, na foleni hugawanywa nusu kwa nusu. Huyu anaelemewa, wale wanapiga miayo, na eti mzigo umesawazishwa! Watetezi watasema hesabu hiyo huzuia nakala za ziada kuvuka mtandao. Kweli, kwa ujumbe unaotangazwa kwa wote. Lakini ujumbe wa foleni humwendea mmoja tu, nakala itoke wapi? Kipengele chenyewe huzimwa kwa neno moja, ila kimeachwa kikiwaka, labda wale kumi wasikose mapumziko.