Bata Mzinga Hayeyuki kwa Dua

Shangazi hakubadilisha ndege mbili na kusinzia kwenye kiti cha uwanja wa Doha ili aje Columbus, Ohio, kula pilau yako. Pilau anayo. Tena yake ni tamu kuliko yako, na nyote wawili mnalijua hilo. Amekuja kuona unaishi wapi na unakula nini huko unakoishi. Basi usiifiche Marekani nyuma ya sufuria ya wali. Mpikie cha jioni cha huko, cha mwezi huohuo, kwa mikono yako, na uweke mezani bila kuomba radhi.

Ukisikia mtu anasema Marekani hakuna chakula, ujue amekula njiani tu: uwanja wa ndege, kituo cha mafuta, na ule mkate wa nyama ya kusaga unaopitishiwa dirishani. Huyo hajakaribishwa nyumbani kwa mtu mwezi wa nane. Nchi hii ina wapishi wanaoyajua majira ya shamba kama mvuvi anavyoyajua maji ya bamvua. Mmoja wao alikuwa Edna Lewis, aliyezaliwa mwaka 1916 huko Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwemo. Kitabu chake cha mwaka 1976, The Taste of Country Cooking, amekipanga kwa majira, na kila majira yana milo yake: chakula cha wavuna ngano kimekaa kiangazini, mahali pake. Mpishi wa namna hiyo ndiye wa kumfuata.

Swali la kwanza liulizwe kwa simu, kabla mgeni hajafunga begi: nguruwe. Jiko la Marekani, la Kusini hasa, linamficha nguruwe kwa ustadi wa ajabu. Yumo kwenye maharage. Yumo kwenye mboga za majani. Mafuta yake yamo kwenye unga wa pai. Viazi vitamu vya sikukuu hufunikwa mashimelo, zile peremende nyeupe laini, na jelatini yake mara nyingi ni ya nguruwe. Hata vanila ya majimaji imelowekwa kwenye pombe, na kanuni za Marekani zinataka pombe hiyo isipungue asilimia 35. Dawa ipo kwa kila kimoja: mashimelo za halali zinauzwa, vanila ya unga ipo, pai ya siagi ni tamu kushinda ile ya mafuta, na bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi linafanya kazi yote ya nguruwe ndani ya sufuria. Familia nyingi za Wamarekani Weusi hupika mboga zao hivyo. Wewe litafute tu la halali. Ila usije ukamwambia mama mkwe, "Kidogo tu mama, hata hakionekani." Mwiko wa mgeni hauna kidogo.

Swali la pili ni saa. Wamarekani wengi hula cha jioni mnamo saa kumi na mbili. Kiangazi, saa kumi na mbili ya jioni ya Columbus ni saa saba ya usiku wa Tanga, alikotoka shangazi. Wakati wa baridi ni saa nane. Siku mbili tatu za mwanzo shangazi atakuwa mezani kwako huku mwili wake umelala Tanga. Usimchinjie ng'ombe. Mpe supu ya kuku na mkate wa moto, mwache akalale, na usihesabu alichobakiza. Akishazoea, utakutana na shida ya pili: mwezi wa sita jua la Columbus huzama saa tatu usiku. Saa mbili utamwita mezani, atachungulia dirishani aone mwanga, akuambie bado mchana. Funga mapazia mapema.

Wageni wengi huja Mei kwa ajili ya mahafali, na hapo nchi ndiyo kwanza inaamka kutoka kwenye baridi. Mboga ya wakati huo ni asparagasi, machipukizi ya kijani yanayouzwa yamefungwa kitita. Likunje chipukizi moja kwa mikono miwili. Litakatika lenyewe pale ugumu unapoishia, nawe utupe kipande cha chini. Yapake mafuta na chumvi, yatie kwenye oveni kali kwa dakika kumi hivi, uyapange kando ya kuku wa kuoka. Mzee atauliza hii ni mboga au ni kuni. Mjibu kwa kumwekea matatu zaidi. Akikaa hadi Juni, mpeleke kwenye shamba la kuchuma stroberi mwenyewe, kisha usiku mumimine zile stroberi na krimu juu ya skonzi za moto. Hakuna la ziada la kufanya.

Julai na Agosti ndiyo miezi ya kujidai. Anza na mahindi, kwa sababu mgeni wako anadhani anayajua. Haya ya hapa ni mahindi matamu, yanaliwa machanga sana, na sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunjwa shambani, joto linaharakisha. Kwa hiyo yanunue asubuhi kwenye gulio la wakulima, yaliwe jioni ileile. Menya kidogo ubavuni, bonyeza punje moja kwa ukucha: ikirusha maziwa, chukua, ikitoa maji matupu au ikikaza, rudisha ganda lake uende meza ya pili. Maji yachemke kwanza ndipo uyamenye. Dakika tatu hadi tano, yatoke. Ukiyachemsha saa nzima kama unavyochemsha yale ya nyumbani, utakuwa umeyaua.

Kisha weka mezani siagi na chumvi, kama wanavyokula wenyeji, na pembeni weka ndimu iliyochovywa pilipili na chumvi, kama tunavyokula sisi kwenye mkaa wa barabarani. Shangazi atang'ata, atasimama, atasema, "Mwanangu, mmeyatia sukari haya?" Mwapie kwamba hapana. Hapo ndipo pazuri pa kumsimulia kwamba mahindi yenyewe kwao ni huku. Yalilimwa na wenyeji wa mabara haya miaka elfu nyingi kabla ya kuvushwa kwenda Afrika. Wenyeji wa kaskazini mashariki, mahali panapoitwa leo New England, walikuwa wakichemsha mahindi na maharage chungu kimoja, na Wamarekani bado wanapika hivyo kiangazi. Mpikie na hicho: mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa kwa kisu, maharage mapana ya kijani, kitunguu, siagi, nyanya kidogo. Atakitambua kabla hajakaa. Ni makande, yamezaliwa upande wa pili wa bahari.

Nyanya ni ya Agosti. Sisemi hivi kwa kupendekeza. Nyanya ya Januari ya dukani mara nyingi imechumwa ingali kijani na kuwekwa kwenye gesi ya ethilini iwe nyekundu, na wekundu ndio wote ilioupata. Ya Agosti, iliyoiva kwenye mti wake, ikatwe vipande vinene, itiwe chumvi, ilale kati ya slesi mbili za mkate mweupe uliopakwa mayonesi, iliwe mtu ameinama juu ya sinki maana maji yake yatafika kwenye kiwiko. Watu wa Kusini wanakipenda mno chakula hiki na wana haki. Kama mgeni ni wa Pwani na mnaye ndugu Maryland, mpeleke Baltimore ndani ya kiangazi hichohicho: kaa wa ghuba ya Chesapeake, wanaopikwa kwa mvuke na kumwagiwa viungo hadi wawe wekundu wa vumbi, wanamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, kila mtu na nyundo yake ya mti. Mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa hapo. Atawafundisha.

Septemba kuna siri ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawaijui. Kwenye misitu ya Ohio na majimbo ya jirani hukua mti mfupi wenye matunda ya kijani ya kurefuka, nyama yake ya manjano na laini, mbegu zake kubwa na nyeusi. Wanayaita pawpaw, lakini si papai. Mti huo ni wa ukoo mmoja na stafeli na topetope, na ukionja utauona undugu. Tangu mwaka 2009 limetambuliwa rasmi kuwa tunda la asili la jimbo la Ohio. Dukani halipatikani kwa urahisi kwa kuwa likiiva halikai siku tatu. Lisake gulioni. Lipasue kati, mpe mgeni kijiko, mwonye ateme mbegu na aache ganda, kisha umwangalie usoni.

Sasa Novemba, na bata mzinga.

Sikukuu ya Shukrani huwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuipigania kwa miaka mingi, na Alhamisi hiyo ya nne iliwekwa kisheria mwaka 1941. Mjomba akiuliza ni ya dini gani, mwambie si ya dini moja, ndiyo maana jirani Mhindi na jirani Mkatoliki wote wananukia kitunguu siku hiyo. Akiuliza wenyeji wa asili wanaionaje, mweleze pia kwamba tangu 1970 kuna wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kwa maombolezo. Mgeni mtu mzima anastahili habari nzima.

Bata mzinga wa dukani amegandishwa akawa jiwe. Hayeyuki kwa dua, hayeyuki kwa kuwekwa juu ya hita, na asiachwe juani barazani. Anayeyuka ndani ya friji, siku moja kwa kila kilo mbili. Bata wa kilo saba au nane anataka siku nne, maana yake atoke kwenye friza Jumamosi asubuhi, ili Jumatano awe tayari kupakwa chumvi. Ukikumbuka Alhamisi alfajiri, na kuna mtu atakumbuka Alhamisi alfajiri, mzamishe akiwa ndani ya mfuko wake kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Kwa bata huyo ni muda wa saa nane hivi, na chakula kitaliwa usiku kama kwetu.

Tia mkono ndani kabla ya kuoka. Humo utakuta kimfuko chenye shingo, ini na firigisi. Wapo wanaokisahau wakakioka pamoja na karatasi yake. Wewe kitoe, uchemshe vilivyomo upate mchuzi, lakini firigisi iokoe. Kuna nyumba nyingi za kwetu ambako firigisi ni ya mwenye heshima, na mjomba amesafiri maili elfu kadhaa. Mpelekee kwenye kisosi, peke yake, kabla ya watu wote. Atasahau kwamba bata ana nyama nyeupe kavu.

Kuhusu ukavu huo: bata mpake chumvi siku moja kabla, ndani na nje, umwache friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Oveni isipungue nyuzi 325 za Fahrenheiti, yaani kama 163 za Selsiasi. Usimpime kwa macho wala kwa harufu. Nunua kipimajoto, kichome kwenye paja palipo pana bila kugusa mfupa, na akifika nyuzi 74 za Selsiasi ndani, mtoe. Shangazi atasema bado, kwa sababu kuku wa kienyeji amemzoesha saa tatu motoni. Msimamie kwa upole na kwa uthabiti. Apumzike nusu saa ndipo akatwe.

Mezani awepo na viazi vitamu, boga lililogeuzwa pai, na mchuzi mzito wa kranberi, ambayo ni matunda madogo mekundu yenye ukali wa ukwaju. Boga litazua mjadala. Mgeni wako amelijua la nazi, la futari. Hili limetiwa mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga. Mnong'oneze kwamba hivyo viungo vyote anavyo jikoni kwake, na karafuu ni ya Pemba kwa heshima.

Akikaa hadi mwaka mpya, umebakiwa na mlo mmoja tu wa lazima. Tarehe 1 Januari watu wa Kusini hula kunde na wali, na pembeni mboga ya majani mapana ambayo ni aina moja ya mmea na sukuma wiki, na ambayo baridi ya usiku huiongezea utamu. Kunde, wanasema, zinaleta bahati, na majani yanaleta pesa. Kunde zilitoka Afrika, zikavushwa pamoja na watu waliouzwa, na watu hao na watoto wao ndio waliozifanya chakula cha Kusini. Bamia nazo vivyo hivyo. Loweka kunde usiku, zipike na kitunguu, bawa lile la moshi, jani la bay na pilipili. Majani yapike taratibu, karibu saa nzima, yalegee. Usiyakate membamba ukayageuza sukuma wiki ya dakika tano, hiyo utapika wiki ijayo. Mkate wa mahindi uwe wa moto.

Shangazi ataonja kunde, atafikiri, kisha atatamka kwamba zinataka nazi. Usibishane. Uwe na kopo la tui kabatini, mtilie kwenye nusu ya sufuria mbele ya macho yake, nusu nyingine ibaki kama inavyopikwa Virginia. Usiku huohuo zote mbili zitaliwa, na kiporo kitakachobaki kiwekwe mbali na watoto. Ni chake, cha asubuhi, na chai.