Shangazi wa Majini Akujibu

*Shikamoo shangazi. Nina mashua ndogo hapa Kizimkazi, na ndani nina mwenzangu mmoja, mnene, wa lita 20. Tukiwa tumetia nanga ametulia. Nikipiga bisho tu, anahamia upande wa pili na kunigonga miguu. Nimemgombeza hadi sauti imekauka. Nimuache? — Niliyechoka*

Marahaba mwanangu. Nilikuwa nakuandalia nasaha za ndoa hadi nilipofika kwenye zile lita. Dumu hilo likijaa maji lina kilo 20, na chombo kikilala, nalo linateremkia demani, kule kule usikotaka uzito. Wimbi lina nguvu zake, la nini kulisaidia? Dumu lishushe chini kabisa, katikati, karibu na mkuku. Hapo litakufaa hata kwa farumi. Pitisha kamba kwenye mkono wake uifunge kwenye mataruma mawili. Ukitumia moja tu, litazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye mnazi. Fundo liwe la kufumuka kwa kuvuta ncha moja, maana siku utakayolihitaji vidole vitakuwa vimekufa ganzi. Tena usilijaze hadi mdomoni. Maji ya kunywa ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, hivyo likichoropoka na hewa kidogo ndani litaelea, na wewe utalifuata. Kumuacha, usimuache. Maji ya kunywa baharini hayana mbadala.

*Shangazi, dira yangu imerogwa. Mchana inasema kweli, lakini usiku wa mechi inanipeleka nisikokujua. — Mshabiki, Kilindoni*

Mchawi wako ni redio. Ndani ya spika mna sumaku, nawe umeibandika ubavuni mwa dira ili usipitwe na bao. Ipeleke mbali, zaidi ya mita moja, pamoja na lile panga na spana ulizozisukumia chini ya ubao unaokalia. Kuku uliyekusudia kumpelekea mganga, mle.

*Shikamoo shangazi. Mume wangu huondoka Lamu na unga akarudi na uji. Makopo nayo hurudi uchi, hatujui lipi la maziwa lipi la maharage. — Mama Watoto*

Marahaba mwanangu. Mumeo anauweka unga ngamani, maji yanakokusanyika, halafu anaisingizia bahari. Mpe ndoo tupu ya rangi yenye kifuniko cha kubana, uisugue mpaka harufu iishe, aifunge juu, kwenye feuli. Asikudanganye kwamba mfuko wa nailoni ungetosha: Kenya imeupiga marufuku tangu 2017, na hata zamani ulitobolewa na msumari wa kwanza. Karatasi za makopo zibandue mwenyewe kabla hajaondoka, uandike juu ya bati kwa kalamu ya wino mzito. Zikibanduka safarini, hugeuka rojo na kuziba mahali pa kufulia maji. Hapo hutauliza tena habari za maharage.

*Shangazi, jaketi za kuokolea nimezitia sandukuni nikapiga kufuli, maana wezi ni wengi. Nimefanya la maana? — Mwerevu, Kilwa Masoko*

Ufunguo anao nani? Kama ni wewe, na ndiye uliyetumbukia, wenzako wakurushie kufuli? Mkishuka pwani, zibebe uende nazo nyumbani. Mkitweka tanga, zivaeni.