Kwanza Isimame: Mwongozo wa Kuitunza CBR Kuukuu Pumwani na Kuikimbiza

Ukitaka kumjua mtu aliyenunua pikipiki ya mbio kwa pupa, angalia alianzia wapi kutumia pesa. Ekzosti mpya inang'aa, stika zimejaa hadi kwenye tangi, na tairi la nyuma limechanika ubavuni kwa uzee. Huyo anasikika tangu Kariokor kabla hajaonekana Digo Road, na akifika kona ya kwanza anaanza kuomba dua. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kufika kona hiyo akiwa na breki.

Tuseme umepata Honda CBR 600, ile F3 iliyotengenezwa kati ya 1995 na 1998, au ndugu yake yeyote wa miaka hiyo: silinda 4, kabureta 4, petroli inaingia bila kuomba ruhusa kwa kompyuta. Kwa mfuko mdogo hakuna chaguo bora. Pikipiki ya kisasa ikigoma inataka kifaa cha kusoma kompyuta yake, na mwenye kifaa atakutoza kabla hajaiwasha. F3 ikigoma inataka bisibisi, tochi na mtu asiye na haraka. Watu wa namna hiyo wamejaa upande wetu. Pumwani ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na imezungukwa na watu wa chuma: Gikomba chini, Kamukunji pale, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ng'ambo kidogo. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga mabati juani, akaagiza wajengewe vibanda. Ukitaka kipande cha aluminiamu kikatwe, kikunjwe na kutobolewa, hutamaliza glasi ya chai kabla hakijawa tayari.

Siku ya kununua, nenda asubuhi injini ikiwa baridi na uiguse mwenyewe. Ikiwa imeshapashwa moto kabla hujafika, kuna jambo unafichwa. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye logibuku, herufi kwa herufi, na usitoe pesa kabla umiliki haujahamishwa kwenye mfumo wa NTSA. Muuzaji atakwambia, "Boss, hii injini haijawahi kufunguliwa." Anasema kwa fahari. Muulize basi ni nani aliyewahi kupima nafasi za valvu tangu pikipiki izaliwe, kisha punguza bei. Halafu inua tairi la mbele litoke ardhini na uzungushe usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati, kana kwamba umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Kosa hilo peke yake lisikukimbize, maana beringi zinabadilishika. Fremu iliyopinda ndiyo ya kukimbia bila kuaga.

Sasa pesa. Zigawe hivi: breki kwanza, matairi pili, oili na cheni tatu, umeme nne. Kitakachobaki, kama kitabaki, ndicho cha nguvu na urembo. Kama hela yote uliyo nayo inaishia kwenye kununua, na ya kutunza hakuna, nunua mbuzi. Mbuzi anazaa.

Breki za pikipiki ya umri huu huharibika kimyakimya. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Breki zikipata moto maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubanika. Unavuta mkono, unafika hadi kwenye mshikio, na hakuna kinachotokea. Chupa ndogo ya DOT 4 na mchana mmoja zinatosha kuyabadilisha yote, na ufanye hivyo kila baada ya miaka 2 hata kama hujaenda popote. Ukifika hapo toa na kalipa, sukuma pistoni nje kidogo, zisafishe kwa mswaki wa zamani, kisha uzirudishe. Pistoni isiyorudi kwa nguvu za vidole imekwama. Usiipige nyundo, itie mpira mpya. Mabomba ya mpira yaliyotoka nayo kiwandani miaka ya 1990 yabadilishe tu, maana hutanuka ukibana breki na kula nusu ya nguvu ya mkono wako.

Kwenye matairi, watu wengi wa mtaa huangalia kashata peke yake. Soma ubavu. Baada ya herufi DOT kuna namba, na tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka: 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka 10 ni gumu, linateleza kama sabuni likiwa baridi, na ndivyo litakavyokuwa unapotoka mtaani asubuhi. Na anayejitolea kukuchongea kashata upya kwa chuma cha moto mwambie asante, hapana. Anachochonga ni ile nyama ya mwisho inayokutenganisha na nyuzi.

Hapa bodaboda wametusaidia sana, na hatuwapi sifa yao. Kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, Boxer na TVS zilijaa kila kona, na nyuma yao zikaja oili, plagi na vilainishi kwa bei ya mtu wa kawaida. Oili yao ndiyo unayoitaka kuliko ya gari. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya klachi iteleze. Tafuta herufi JASO MA kwenye chupa. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, kisha uipake oili nzito ya giaboksi, kidogo, upande wa ndani, usiku, ili ipenye hadi asubuhi. Ukiivuta kutoka kwenye sproketi ya nyuma na kuona nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zimekufa pamoja na zitazikwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa ni pesa za wiki chache.

Umeme wa Honda za miaka ile una ugonjwa unaojulikana: regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Nunua mita ya umeme ya bei rahisi, iweke kwenye betri, washa injini, kisha panda hadi mizunguko 5,000. Iwe baina ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta inachemsha betri. Isipofika 13, usikimbilie kununua kitu. Fuata kwanza waya 3 za njano hadi kwenye plagi yake ya plastiki. Mara nyingi utakuta plastiki imeungua ikawa nyeusi, pini moja imelegea, na tatizo lote liko hapo. Kata, unganisha kwa risasi, funika vizuri.

Na kabureta. Hili ndilo penzi langu, kwa hiyo kaa kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Pikipiki iliyopimiwa petroli kwa hewa ya Yokohama au Mombasa ikifika hapa inapewa petroli ileile kwa hewa pungufu: inakohoa, inanuka, plagi zinatoka nyeusi kwa masizi makavu. Mwenyewe anadhani injini imechoka. Haijachoka, imeshiba kupita kiasi. Petroli hupimwa na jeti, kile kijitundu ndani ya kabureta, na kila jeti imechongwa namba kichwani. Unashuka namba moja au mbili, unaendesha, unatoa plagi tena. Unatafuta kahawia iliyopauka. Nyeupe ni hatari, rudi juu. Sasa fundi mwenye haraka atakwambia ataitoboa jeti iliyopo kwa msumari mwembamba. Huko ni kuongeza tundu, na Nairobi inataka tundu dogo zaidi. Mnyang'anye msumari.

Ukishapata jeti, kabureta zote 4 lazima zivute sawa. Kifaa chake cha dukani ni ghali, ila kuna njia ya mtaa na ni sahihi kabisa: bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu mita kadhaa, ulifunge kwenye ubao kwa umbo la U na kulijaza oili kidogo chini. Ncha moja ichomeke kwenye tundu la mvuto la kabureta ya kwanza, nyingine kwenye ya pili. Injini ikiunguruma oili hupanda upande unaovuta zaidi. Zungusha skrubu robo kwa robo mpaka oili isimame sawa pande zote, kisha uhamie kwenye jozi inayofuata. Bomba liwe refu kweli, la sivyo injini itainywa oili yote, na jirani aliyeanika nguo atakuita kwa jina lako kamili.

Kuhusu kukimbia nitasema bila kuzungusha: si Jogoo Road, si Outer Ring, si Thika Road Jumapili alfajiri. Sheria inakataza, na hata isingekataza, pale kuna mama anavuka na ndoo, kuna matatu inayosimama bila taa, kuna mtoto wa jirani yako. Hakuna ushindi unaopatikana hapo. Mbio zina shirikisho, KMSF, na zina siku zake za kibali. Uwanja wa Jamhuri Park ni wa motokrosi, vumbi na miruko, hautaki pikipiki yako. Lakini kumewahi kuwa na mbio za muda za Kiambu Ring: barabara inafungwa, unakimbia peke yako dhidi ya saa. Mbio za namna hiyo ndizo za mtu maskini, kwa sababu zinampa tuzo aliye laini mkononi. Nguvu za farasi huziwezi bei. Macho ni ya bure. Yatupe mbali, mwisho wa kona, breki ukiwa bado umenyooka, na uongeze mafuta pale tu unapoona njia ya kutokea. Tunastahili siku nyingi zaidi za namna hiyo, kwa kiingilio ambacho kijana wa Shauri Moyo anaweza kukichanga, na wanaopanga mbio wangekuja kuuliza huku wangeona foleni.

Siku ya mbio mwaga kulanti na uweke maji safi tupu, kwa sababu kulanti ikimwagika kwenye lami huangusha wenzako. Boliti ya kumwagia oili na filta zifunge kwa waya mwembamba. Taa zibandike tepu. Suti ya ngozi unaweza kuipata Gikomba, ukiwahi alfajiri wakati bale linafunguliwa: kagua mishono iwe miwili, na pedi za viwiko na magoti ziwepo. Jaketi la ngozi la kuendea harusini litapasuka mara ya kwanza ukigusa lami. Helmeti usinunue mtumba kamwe. Ile sponji ngumu ya ndani huminyika mara moja tu kuokoa kichwa, na ikishaminyika haionekani kwa nje.

Ukirudi, usiipaki tu na kwenda kusimulia. Ikipoa rudisha kulanti, kaza boliti moja moja ukianzia za kalipa, toa plagi uzisome, pima cheni. Halafu mlipe fundi wako, zote, siku hiyohiyo.