Jasho la Gombani, Chapati za Chake

Kila Januari 1 Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi, na Pemba nayo hutoka jasho uwanjani Gombani. Mtu wa kilo 70 akitembea harakaharaka nusu saa huchoma kalori kama 150. Chapati moja ya mafuta huzirudisha zote, na chenji juu.

Lakini bwana wa Chake Chake ana saa ya kisasa, nayo imemwandikia 400. Basi anajilipa haki yake: chapati mbili, kachori, chai ya maziwa sukari vijiko vitatu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya aina hiyo. Katika kuhesabu kalori, kilichokosea kidogo kabisa kilipotoka kwa wastani wa asilimia 27.

Mchumaji karafuu, ashindaye mtini kutwa, hana saa. Suruali yake ndiyo inayomvuka.