Sifa za Wasajili wa Garsen

Ligi Kuu ya Uingereza ikimalizika mwezi wa tano, mgeni angedhani Garsen nayo itapumzika. Hakuna mechi, hakuna bao, ukumbi wa kuonyesha mpira umetiwa kufuli na mwenyewe amerudi shambani. Kumbe ndipo msimu wenyewe unapoanza. Kuanzia Juni mpaka dirisha la usajili lifungwe, chini ya kila mti wenye kivuli, hata mathenge yenye miba ambayo watu wa Tana River huilaani mwaka mzima, hukaa wanaume watano au sita wasio na hata nauli ya kuwafikisha Malindi. Hao ndio wanaoamua nani auzwe, nani anunuliwe, kwa bei gani na kwa mkataba wa miaka mingapi.

Mashtaka dhidi yao ni mengi na yote yana mashahidi. Abiria anashuka kwenye basi la Lamu na mzigo wake, anaita boda mara tatu, na mwenye boda hageuki kwa kuwa Arsenal bado hawajapata mshambuliaji. Muuza chai ana daftari zima la majina ya watu walioshughulikia mabilioni tangu asubuhi na hawajalipa kikombe kimoja. Nyumbani wanangojewa walete unga, nao wamengojewa hadi jua limezama. Wazee wa msikiti na wazee wa kanisa, wasiokubaliana katika mengi, wamekubaliana kwamba huu ni upuuzi. Ni upuuzi kweli. Haujazi tumbo, haujengi tuta la kuzuia mto, na mchezaji anayebishaniwa hajui kama Garsen ipo duniani. Basi unahitaji mtu wa kuutetea, maana mambo yenye faida yana watetezi wa kutosha.

Elimu inayotolewa pale kivulini haina karo. Chukua suala la Chelsea na Enzo Fernández. Januari 2023 klabu hiyo ilimnunua kutoka Benfica kwa pauni milioni 106.8 na kumpa mkataba wa miaka minane na nusu. Mtu wa kawaida huona pauni milioni 106.8 zimekwenda. Msajili wa Garsen haoni hivyo. Yeye hugawanya kwa miaka ya mkataba, akapata kama milioni 12.6 kwa mwaka, na hiyo ndiyo inayoandikwa kuwa gharama katika hesabu za klabu. Asiyeelewa hueleweshwa kwa pikipiki: umeinunua kwa Sh180,000, lakini kwenye daftari unaandika Sh36,000 kila mwaka kwa miaka mitano, na mwaka wa kwanza unaonekana una pesa. Somo hilo wanafunzi wa uhasibu hulisomea chuoni na kulifanyia mtihani. Garsen hufundishwa na kijana aliyelaza mguu mmoja juu ya tangi la petroli, tena akitafuna muguka.

Na somo halikomei hapo. Ujanja wa mikataba mirefu ulipozidi, UEFA iliweka ukomo wa miaka mitano katika kugawanya gharama hizo mwaka 2023, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo Liverpool walipomchukua Alexander Isak kutoka Newcastle Septemba 1, 2025, kwa pauni milioni 125, bei ambayo haijawahi kulipwa na klabu ya Uingereza kabla ya siku hiyo, hesabu ilifanyika barazani kabla chai haijapoa: gawanya kwa tano, ishirini na tano kila mwaka, bado mshahara.

Ipo pia hadithi ya hoteli, ambayo haijawahi kuchosha.

"Wee bwana, Chelsea waliuza hoteli zao mbili pauni milioni 76.5. Aliyenunua ni nani?"

"Kampuni."

"Kampuni ya nani?"

"Ya mwenye Chelsea."

"Kwa hiyo waliuziana wao kwa wao?"

"Ndiyo. Na ligi ikakubali."

Hapo hunyamaza kidogo, si kwa hasira bali kwa heshima. Kila mmoja anafikiria kitu alichonacho nyumbani ambacho angeweza kujiuzia.

Kanuni ya hasara, iliyofanya klabu zitafute ujanja huo, wanaijua kuliko wanavyojua namba ya kitambulisho. Klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Everton walipitisha kwa milioni 19.5 na Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, zikapunguzwa kuwa sita walipokata rufaa, kisha Aprili 2024 wakakatwa nyingine mbili kwa kosa jipya. Nottingham Forest walikatwa nne. Kosa la Forest ndilo linalopendwa zaidi, kwa sababu lina kalenda ndani yake. Hesabu hufungwa Juni 30. Wao walimuuza Brennan Johnson kwa Tottenham Septemba 1, 2023, kwa kama pauni milioni 47.5, wakajitetea kwamba wangeharakisha wangepata bei ndogo. Baraza la Garsen liligawanyika. Wafugaji walikuwa upande wa Forest: nani anauza ng'ombe Juni akijua Septemba bei itapanda? Wenye maduka walikuwa upande wa ligi: deni lina tarehe. Ubishi huo ulikuwa na akili kuliko mingi inayotozwa ada mahakamani.

Novemba ile ya Everton, mto Tana nao ulikuwa umevunja kingo. Mvua za El Niño zilifurisha delta, familia zikahamia mahali pa juu, na barabara ya kwenda Lamu ikamezwa na maji upande wa Gamba. Mtu mwenye busara angesema huo haukuwa wakati wa kuzungumza Everton. Lakini aliyewahi kukaa kambini akingoja maji yapungue anajua kwamba saa za mchana ni nyingi mno, na baada ya kuhesabu magunia ya mahindi yaliyopotea mara tatu, hesabu ya nne haiongezi gunia.

Wasiotoka nje ya delta hudhani ugonjwa huu ni wa hapa. Haukuanzia hapa. Canada na Marekani kuna wenzao wanaofuata mpira wa magongo wa barafuni, na hao huishi majira yote ya joto wakibishana juu ya ukomo wa mishahara. Ligi yao, NHL, ilifuta msimu mzima wa 2004-05 kwa sababu wenye timu na wachezaji walishindwa kuelewana juu ya ukomo huo. Uliporudi mchezo, kila timu iliambiwa isipitishe dola milioni 39 za mishahara. Msimu wa 2025-26 ukomo ulifika milioni 95.5. Mwaka 2021 Tampa Bay Lightning walimweka nje Nikita Kucherov msimu wote wa kawaida kwa sababu ya upasuaji wa nyonga, mshahara wake ukawapa nafasi ya kuzidisha, kisha akapona sawasawa siku ya kwanza ya mchujo, ambako wakati huo ukomo haukuhesabiwa. Wakachukua kombe wakiwa wamepita kiwango kwa kama dola milioni 18. Kenya barafu ya kuchezea ilipatikana katika hoteli ya Panari, Nairobi, uwanja ulipofunguliwa 2005, na ndiko ilikozaliwa timu ya Ice Lions. Garsen barafu ni ya kupoza samaki. Hata hivyo kisa cha Kucherov kikisimuliwa pale kivulini hakihitaji kufafanuliwa mara mbili; kila mtu ana jamaa aliyewahi kuugua siku ya kulima akapona siku ya karamu.

Watetezi wa elimu ya uraia nao wana cha kujifunza. Wasajili hawa wanalikumbuka jina la McDonald Mariga si kwa mabao bali kwa karatasi: mwanzoni mwa 2010 alikuwa njiani kwenda Manchester City, akanyimwa kibali cha kazi Uingereza, akaenda Inter Milan, na mwezi wa tano Inter wakawa mabingwa wa Ulaya. Wanakumbuka pia kwamba mdogo wake, Victor Wanyama, alitoka Celtic kwenda Southampton 2013 kwa kama pauni milioni 12.5. Mwaka 2016 akahamia Tottenham, na kuna mtu kila baraza anayeapa kuwa alisema mapema. Wanajua kwamba Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya makocha na wachezaji wa kigeni. Na wakivuka mpaka kwenda Tanzania, wana Feisal Salum, Fei Toto, aliyetaka kuondoka Yanga mwishoni mwa 2022, akaweka pesa za kuvunja mkataba, akajibiwa na shirikisho la mpira kwamba yeye bado ni wa Yanga. Kesi ilizunguka miezi mpaka Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoiomba klabu hiyo iyamalize mbele ya wageni Ikulu, na mchezaji akaenda Azam. Anayesema usajili ni mambo ya watu wasio na kazi amweleze Rais.

Lakini sifa kubwa zaidi ya ubishi huu ni jinsi unavyowagawa watu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma juu ya maji, malisho na mashamba, pamoja na siasa zilizoyachochea, yaliua zaidi ya watu 100 katika delta hii. Wakati ule mtu alijua upande wake kabla hajafungua mdomo. Kwenye usajili, mstari unapita kwingine. Mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wanakuwa upande mmoja kwa sababu wote ni Liverpool, na upande wa pili kuna Mpokomo mwingine na Mwardei wanaoumia pamoja kwa Manchester United, maumivu ambayo hayajui ukoo. Hakuna anayedai kwamba mpira ulileta amani. Amani ililetwa na wazee, na kamati, na uchovu wa kuzika. Ubishi wa usajili ni mdogo kuliko hayo yote: ni jambo ambalo watu wa Garsen wanaweza kugombania kwa sauti kubwa, wakatukanana hadi jioni, na kesho wakakaa kwenye benchi lilelile.

Adui zao wana hoja moja nzito, na haifai kuikwepa. Pauni milioni 125 za Isak ni zaidi ya Sh21 bilioni. Mgao wa kaunti ya Tana River kutoka serikali kuu mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa kama Sh6.5 bilioni. Yaani mshambuliaji mmoja ni zaidi ya miaka mitatu ya mgao wa kaunti nzima, pamoja na hospitali zake, visima vyake na mishahara yake. Wasajili wanaijua hesabu ya kwanza kwa kichwa. Ya pili hawajawahi kuigawa kwa chochote. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti juu ya kaunti hutoka kila robo mwaka, bure, na zinaonyesha pesa iliyotumika na isiyotumika. Mtu aliyeweza kuelewa hoteli za Chelsea hawezi kushindwa na ripoti hiyo. Utetezi wao ni dhaifu, lakini wautoe wenyewe: Everton akikosea, anakatwa pointi na jedwali linaonyesha.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba elimu yote hii hutumika nyumbani. Mashindano ya mpira ya kata yakianza, kipa mzuri wa Ngao huonekana amevaa jezi ya Tarasaa, na mshambuliaji wa Hola hushuka na mto akakaa kwa shangazi yake kwa majuma mawili kwa sababu zisizohusu shangazi. Bei huwa nauli, chakula cha mchana na labda viatu. Anayeshindwa hupeleka malalamiko kwa kamati, kamati hukaa, kitambulisho hukaguliwa, na papo hapo hutokea msajili wa kivulini aliyeiva kwa kanuni za FIFA kuliko mwenyekiti. Mara nyingi ndiye anayemaliza kesi. Halipwi.

Klabu za Uingereza zimepiga kura kuiacha kanuni ya milioni 105. Kuanzia msimu wa 2026-27 gharama za kikosi zitapimwa kwa asilimia 85 ya mapato ya klabu, kwa hiyo Garsen itabidi ianze kusoma upya, na wanaojua kugawanya tu watajifunza asilimia. Msafiri wa Lamu utakayeshuka hapo mwezi wa saba ukakuta waendesha boda wote wamekupa mgongo, usipige kelele na usitukane. Sogea, salimia, kisha sema wazi kwamba Arsenal wamelipa bei kubwa mno. Utasahihishwa njia nzima mpaka unakokwenda, na nauli usilipe zaidi ya ile mliyokubaliana.